Mapishi ya Kurithishana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudiwa na watu wanaopokea, wanaoandika na wanaogawa mapishi ya nyumbani, yaani yale yaliyotoka kwa bibi, shangazi, jirani au rafiki, ambayo hayakukusudiwa kuchapishwa. Yameanza ya msingi, yakafuata yale yanayojitokeza kwa nadra. Pale jibu moja linapotegemea jingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Mapishi ya nyumbani yanatofautianaje na yaliyochapishwa?

Mapishi yaliyochapishwa huandikwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana, anayepikia jiko lisilojulikana, hivyo mwandishi hulazimika kutaja kila kipimo na kila hatua. Mapishi ya nyumbani huelekezwa kwa mtu aliyekwisha kusimama jikoni pamoja na mpishi, na kwa sababu hiyo huacha mengi: hayataji ukubwa wa sufuria kwa kuwa sufuria iliyotumika ilikuwa ile ile siku zote, wala hayataji kiasi cha chumvi kwa kuwa mkono wa mpishi ulikijua. Kujaza mapengo hayo ni kazi ya anayepokea, na inafaa ifanyike wakati mwenye mapishi bado yupo wa kuulizwa.

2. Kuna haja gani ya kuandika ikiwa mpishi yupo na naweza kumuuliza wakati wowote?

Kumbukumbu ya mpishi imo zaidi mikononi kuliko katika maneno. Ukimuuliza kwa simu atakutajia vitu anavyovikumbuka, na mara nyingi atasahau vile anavyovifanya bila kufikiri, kama vile kupunguza moto kabla ya kumimina maziwa au kuuacha unga upumzike wakati anaosha vyombo. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyoamua chakula kitoke vipi, na huonekana tu pale unapomtazama akipika huku una kalamu mkononi.

3. Karatasi ya mapishi iwe na nini?

Iwe na jina la chakula kama familia inavyoliita, jina la aliyeyatoa na la aliyempa yeye ikiwa linajulikana, tarehe ya kuandikwa, idadi ya watu wanaotosheka, vipimo vya kila kiungo kwa mpangilio wa kutumika, ukubwa wa chombo, na hatua zenyewe. Acha nafasi pembeni kwa maelezo ya baadaye. Tarehe hupuuzwa na wengi, lakini bila hiyo hutajua, miaka ikishapita, kama bibi alipunguza sukari kwa sababu ya ladha au kwa sababu ya ushauri wa daktari.

## Kupokea mapishi kutoka kwa mpishi

4. Mpishi wangu hapimi chochote, hukadiria kwa jicho na kwa mkono. Nitapataje vipimo?

Usimlazimishe apime. Mpishi aliyezoea kukadiria akipewa kijiko na mizani hupoteza mwendo wake, na chakula atakachokupikia siku hiyo hakitakuwa kile unachokitaka. Pima wewe, na upime chombo badala ya mkono wake. Weka bakuli la chumvi juu ya mizani kabla hajaanza, andika uzito wake, kisha ulipime tena akimaliza. Bakuli likianza na gramu 340 na kubaki na gramu 329, basi ametumia gramu 11, hata kama alichota mara tatu kwa nyakati tofauti na hakuna mchoto uliolingana na mwingine. Fanya vivyo hivyo kwa mfuko wa unga, chupa ya mafuta na jagi la maji.

Viungo vya kiasi kidogo sana, kama iliki au pilipili manga, mizani ya kawaida ya jikoni haivipimi vizuri. Mwombe mpishi aweke kwanza kwenye kisahani kile anachotaka kutia, kisha ukihamishie kwenye kijiko cha chai uone kimejaa kiasi gani. Ikiwa anapima kwa konzi, mwambie achote konzi tano za unga ule ule, uzipime pamoja, ugawe kwa tano. Utapata wastani wa mkono wake. Konzi ya mtu mwingine haitakupa jibu hilo.

5. Niulize maswali gani wakati anapika?

Maswali yanayozaa matunda ni yale yanayohusu uamuzi: umejuaje kwamba sasa ni wakati wa kutia maji? Kingekuwa bado, ungeona nini? Kikizidi, unakiokoaje? Swali la mwisho ndilo linalosahaulika, nalo lina thamani kubwa, kwa kuwa mpishi mzoefu amekwisha kuona chakula hicho kikiharibika kwa kila njia na anajua dawa ya kila moja. Muulize pia kitu gani hawezi kukibadilisha hata akikikosa, na kipi huwa anakiacha bila wasiwasi. Hapo utajua uti wa mgongo wa mapishi yako wapi.

6. Ananiambia nipike "mpaka iive". Niandikeje jambo hilo?

Andika dalili kwanza, muda baadaye. Dakika hubadilika kulingana na moto, sufuria na wingi wa chakula, lakini dalili hubaki pale pale. Badala ya "kaanga kitunguu kwa dakika 8", andika "kaanga kitunguu hadi kingo ziwe kahawia, sauti ya kuchemka maji ipungue na mafuta yaanze kujitenga, kwa kawaida dakika 8 hadi 12". Sauti na harufu ni dalili kamili kama zilivyo rangi na ugumu, kwa hiyo ziandike pia.

## Vipimo

7. "Kikombe kimoja" ni kiasi gani?

Inategemea mapishi yametoka wapi. Kikombe cha vipimo vya metriki ni mililita 250, cha Marekani ni takriban mililita 237, na cha Japani ni mililita 200. Kijiko cha chakula ni mililita 15 katika nchi nyingi, ila Australia ni mililita 20. Kijiko cha chai ni mililita 5 karibu kila mahali. Zaidi ya hapo, mpishi wa nyumbani akisema kikombe huenda anamaanisha kikombe chake cha chai kilichoning'inia ukutani. Kiazime, kijaze maji, uyapime. Kwa maji, gramu 1 ni sawa na mililita 1, hivyo mizani itakupa jibu moja kwa moja.

8. Ni lazima kuhamisha vikombe kuwa gramu?

Kwa mchuzi na mboga si lazima. Kwa mikate, keki na biskuti ninasisitiza kwamba ni lazima. Kikombe cha unga wa ngano uliotiwa polepole kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu huwa na gramu kama 120, lakini ukizamisha kikombe kwenye mfuko na kushindilia unaweza kufikia gramu 150 au zaidi. Katika mapishi ya vikombe vinne tofauti hiyo hufika gramu 120, yaani kikombe kizima cha ziada ambacho hakuna aliyekiandika. Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, alihimiza vijiko na vikombe vilivyosawazishwa tangu 1896, na hata baada ya kusawazisha, mizani bado ni sahihi zaidi.

Jambo moja la kuzingatia: hamisha vipimo kwa kupima alivyochota mpishi (tazama swali la 4), wala si kwa kuangalia jedwali. Jedwali halijui kama shangazi yako hushindilia.

9. Karatasi inasema "oveni ya moto wa wastani". Ni nyuzi ngapi?

Kwa kawaida ni nyuzi 180 za Selsiasi, ambazo ni sawa na takriban 350 za Farenhaiti au alama ya 4 kwenye majiko ya gesi ya Kiingereza. Oveni yenye feni hupunguziwa nyuzi kama 20. Oveni nyingi za nyumbani haziko sawa na namba ya kwenye kitufe, kwa hiyo kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya oveni kitakuondolea mashaka.

10. Karatasi inataja "kopo moja" au "pakiti moja". Nifanyeje?

Watengenezaji hubadilisha ukubwa wa makopo na pakiti bila kuwajulisha wapishi, na kopo la leo huenda ni dogo kuliko la wakati mapishi yalipoandikwa. Tafuta uzito uliokuwepo wakati huo ukiweza. Usipoweza, anza na kopo la sasa, uonje, kisha uandike gramu zilizokufaa ili anayefuata asirudie kukisia.

11. Naweza kuzidisha au kupunguza kiasi kwa watu wengi au wachache?

Unaweza, lakini si kila kitu hupanda kwa kiwango kimoja. Uzito wa viungo vikuu huzidishwa kama ulivyo. Maji ya mchuzi hayahitaji kuongezwa maradufu, kwa sababu kinachopotea kwa mvuke hutegemea upana wa sufuria na muda wa kuchemka, si wingi wa chakula peke yake. Chumvi na viungo vikali anza navyo kwa robo tatu ya hesabu, uonje, uongeze. Muda wa kupika hauwi maradufu. Fuata dalili za swali la 6.

Kwa keki, hesabu eneo la chombo. Chombo cha duara chenye kipenyo cha sentimita 20 kina eneo la takriban sentimita za mraba 314, na cha sentimita 25 kina 491, yaani zaidi ya mara moja na nusu, ingawa kwa macho vinaonekana kukaribiana. Chombo cha mraba cha sentimita 20 kila upande kina 400. Unga wa chombo kidogo ukimiminwa katika kikubwa utatoka mwembamba na mkavu, na mwenye mapishi atalaumiwa bure.

## Chakula kinapokataa kutoka vile vile

12. Nimefuata kila kipimo lakini ladha si ile. Kwa nini?

Anza na chumvi. Kijiko cha chai cha chumvi laini huwa na gramu kama 6, ilhali kijiko hicho hicho cha chumvi ya chenga kubwa kinaweza kuwa na nusu yake. Halafu angalia mafuta: siagi ina maji ndani yake, lakini samli na mafuta ya mimea hayana, hivyo kubadilishana gramu kwa gramu hubadilisha ugumu na rangi. Angalia pia sufuria. Sufuria nzito hushika joto na kuunguza kidogo sehemu ya chini, na mara nyingi ladha inayotafutwa na familia nzima imetoka hapo.

Ukishaangalia hayo yote, fikiria muda wa chakula kulala. Vyakula vingi vya mchuzi na vya viungo huonja tofauti siku ya pili, na huenda ladha unayoikumbuka ni ya kiporo kilichohifadhiwa vizuri na kupashwa moto.

13. Je, mpishi aliacha kiungo kwa makusudi?

Hutokea, lakini kwa nadra kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya kumshuku mtu aliyekulisha, mwombe mpike pamoja. Kitu kilichokosekana karibu kila mara huwa ni hatua ambayo yeye mwenyewe haihesabu kuwa hatua.

14. Naweza kubadilisha kiungo nisichokipata?

Kwa vyakula vya sufuria, ndiyo, ukionja unavyoendelea. Kwa vinavyoumuka kuna hesabu zake. Magadi soda yana nguvu kama mara tatu ya beking poda, lakini yanahitaji kitu chenye asidi, kama mtindi au maji ya limau, ili yafanye kazi. Bila hicho ladha itakuwa ya sabuni. Ukitoka kwenye beking poda kwenda magadi, kijiko kimoja cha chai cha magadi hushika nafasi ya vitatu, pamoja na asidi. Hamira mbichi ya kipande huwekwa kwa uzito wa karibu mara mbili ya hamira kavu ya kawaida, na karibu mara tatu ya ile ya papo hapo. Ikiwa karatasi ya zamani inasema "hamira" tu, ulizia ilikuwa ya aina gani kabla ya kuulaumu unga.

15. Nimehamia sehemu ya mwinuko na keki zinabonyea. Mapishi yameharibika?

Hayajaharibika. Kadiri unavyopanda ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua: maji huchemka kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi chini kwa kila mita 300, hivyo kwenye mita 1,500 huchemka karibu na nyuzi 95. Vyakula vya kuchemsha vitahitaji muda zaidi. Keki huumuka haraka kabla haijashikamana, kisha huanguka. Punguza beking poda na sukari kidogo, ongeza maji kidogo, na uandike mabadiliko hayo pembeni pamoja na jina la mahali.

## Usalama

16. Familia yetu imehifadhi chakula kwenye chupa kwa njia hii miaka mingi na hakuna aliyeugua. Kuna ubaya gani?

Hapa heshima kwa wazee isichanganywe na usalama wa walaji. Bakteria wa Clostridium botulinum huacha mbegu zisizokufa kwa maji yanayochemka, nazo huota ndani ya chupa isiyo na hewa ikiwa chakula hakina asidi ya kutosha, yaani pH yake (kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi inapopungua) imezidi 4.6. Sumu yake inaweza kuua, na chakula chenye sumu hiyo kinaweza kuonekana, kunukia na kuonja kama kawaida. Mboga, maharage, nyama na samaki vya kuhifadhiwa kwenye chupa huhitaji chombo cha presha kinachofikisha joto la nyuzi 116 hadi 121, kwa muda uliothibitishwa. Kuchemsha chupa kwenye sufuria ya kawaida kunatosha kwa jemu na kwa mboga zilizotiwa siki yenye asidi ya asilimia 5, mradi siki isipunguzwe kwa maji zaidi ya mapishi yaliyothibitishwa yanavyoruhusu.

Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta kinaingia katika hatari hiyo hiyo: kiwekwe kwenye friji na kitumike ndani ya siku 4. Kufunika jemu kwa nta na kugeuza chupa juu chini ni njia za zamani ambazo hazishauriwi tena. Yatunze maandishi ya bibi kama yalivyo, lakini andika juu ya karatasi, kwa wino unaoonekana, njia ya kuhifadhi inayotumika sasa.

17. Ni vitu gani vingine vya kuangalia katika mapishi ya zamani?

Maharage mekundu makubwa yana sumu ya asili inayoondolewa kwa kuloweka angalau saa 5, kumwaga maji hayo, kisha kuchemsha kwa nguvu katika maji mapya kwa angalau dakika 10, na wataalamu wengine hutaka dakika 30. Kuyapika kwa moto mdogo tangu mwanzo hakutoshi. Asali haifai kwa mtoto aliye chini ya miezi 12. Mapishi yenye mayai mabichi yasipewe wajawazito, watoto wadogo, wazee na wagonjwa. Chakula kilichopikwa, hasa wali, kisikae nje zaidi ya saa 2. Shirika la Afya Duniani hushauri kiwe chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60.

18. Nampikia mtu mwenye mzio. Karatasi ya familia inatosha?

Haitoshi. Karatasi ikisema "mafuta" au "mchanganyiko wa viungo" hujui ndani yake kuna nini, na karanga, ufuta, maziwa na ngano hujificha humo. Soma lebo ya kila pakiti unayotumia siku hiyo, na andika aina kamili ya kila kiungo kwenye nakala yako.

## Ruhusa, siri na asili

19. Nimepewa mapishi na rafiki. Naweza kuyagawa?

Muulize kwanza. Wengine hutoa kwa moyo mweupe na kufurahi yanapoenea, wengine huyatoa kwa mtu mmoja tu, na wapo wanaoyategemea kwa biashara ndogo inayowalisha. Ukipata ruhusa, jina lake liende pamoja na mapishi. Ukiyabadilisha, sema umebadilisha nini, ili asije akahukumiwa kwa chakula ambacho si chake.

20. Kisheria mapishi yana mwenyewe?

Nchini Marekani, orodha tupu ya viungo hailindwi na hakimiliki, lakini maelezo yaliyoandikwa kwa ufundi wa mwandishi na picha zake vinaweza kulindwa. Nchi nyingine zina sheria zao. Kwa usalama, usinakili maneno ya mtu. Andika hatua kwa maneno yako baada ya kupika mwenyewe. Sheria ikiruhusu, bado adabu ya swali la 19 inabaki.

21. Nimegundua kwamba mapishi ya "siri ya familia" yalitoka nyuma ya pakiti. Nifanyeje?

Yaandike hivyo. Mapishi mengi ya nyumbani yalianzia kwenye pakiti au gazeti, kisha yakabadilishwa mwaka hadi mwaka. Weka maelezo ya pakiti upande mmoja na ya familia upande wa pili: tofauti zilizopo ndiyo mchango wa mpishi wenu, na sasa unaweza kuzionesha moja baada ya nyingine.

## Maswali magumu

22. Shangazi wawili wana mapishi mawili ya chakula kile kile. Yapi ni sahihi?

Yote mawili, ikiwa kila mmoja anayapika. Mama yao huenda alibadilisha njia kati ya mtoto wa kwanza na wa mwisho kuondoka nyumbani. Yaandike kando kando na majina yao, wala usitengeneze wastani, kwa maana wastani huo hakuna aliyewahi kuupika.

23. Mpishi amefariki na hakuacha maandishi. Kuna njia?

Ipo, ingawa ni ndefu. Kusanya kwanza kumbukumbu za walaji, kila mmoja peke yake kabla hawajasikiana, kwa kuwa wakikaa pamoja kumbukumbu ya mwenye sauti kubwa humeza nyingine. Uliza mambo madogo: rangi ilikuwaje, kilibaki nini chini ya sahani, nyumba ilinukia nini saa moja kabla ya kula, nani alitumwa kununua nini. Aliyetumwa dukani mara nyingi anajua kiungo ambacho waliokaa mezani hawakukiona.

Kisha tafuta mapishi ya kawaida ya chakula hicho ya wakati ule, uyapike, uwaonjeshe. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilikusogeza. Usiwaulize kama ni kitamu, waulize kama ni chenyewe, na kinapungukiwa nini. Andika kila jaribio hata lililoshindwa. Utakapofika karibu, iandike nakala hiyo kuwa imejengwa upya kutokana na kumbukumbu, na utaje za nani.

24. Karatasi ya asili imechakaa na ina madoa ya mafuta. Niihifadhije?

Ipige picha au uiskani pande zote mbili kwa ubora wa angalau nukta 300 kwa inchi kabla ya kufanya lolote, uweke nakala sehemu mbili zilizo mbali. Usiifunike kwa plastiki ya kubandika kwa joto, kwa kuwa haibanduki tena bila kuharibu. Iweke bapa ndani ya bahasha isiyo na asidi, mbali na jiko, mwanga na unyevu, na jikoni utumie nakala. Ikiwa iliandikwa kwenye risiti ya dukani iharakishe, kwa sababu maandishi ya karatasi hiyo hufifia yenyewe kwa joto na mwanga. Madoa yaache, mara nyingi ukurasa wenye madoa mengi ndio uliopikwa zaidi, nawe utajua uanze kuskani upi.